Aliyejua Mababu wa Wenzake

Ta Theophil angeweza kukutajia bibi mzaa bibi wa bwana mkubwa wa Bohemia aliyekufa miaka mia nne iliyopita, ukoo wa mama yake, na mashamba aliyokuja nayo siku anaolewa. Sasa mtume dukani vitunguu. Anarudi na tangawizi, tena anabisha, anasema wewe ndiye uliyesema tangawizi. Mimi Melania ndiye niliyekuwa nampikia, kwa hiyo najua ninachokisema.

Mwaka huo wa tisini na tisa nilikuwa nimepanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, hapa Guangzhou, ghorofa ya saba, lifti hakuna. Chumba kimoja changu, kimoja cha nguo za watoto ninazonunua soko la Kangle, cha tatu nakodisha kwa wafanyabiashara kutoka nyumbani Tanzania wanaokuja na kuondoka. Ta Theophil alikuwa amekuja kukaa wiki mbili. Miaka miwili imepita, bado yupo. Kwetu Bukoba "Ta" ni heshima, mwanaume mtu mzima humwiti jina kavu, na yeye alikuwa mtu mzima kweli: miaka hamsini na mmoja, miwani imefungwa kwa uzi, na koti la sufu alilonunua Prague mwaka wa sabini na tisa. Analivaa hata mwezi wa saba, joto la Guangzhou linapokufanya utamani kuvua ngozi.

"Ta, husikii joto?"

"Nasikia. Lakini koti zuri halivuliwi mbele ya watu."

Prague alifikaje? Alilelewa misheni, akasoma sana, serikali ikampeleka Chekoslovakia kujifunza kutunza nyaraka. Wenzake waliopelekwa mwaka ule walisomea viatu, bia na mitambo ya sukari, wakarudi wakawa watu. Yeye akapewa chumba cha baridi kilichojaa barua za wakubwa wa zamani, akaambiwa andika tasnifu. Akaandika kurasa mia tatu na kumi juu ya namna koo za wakubwa wa Bohemia na Moravia, majimbo ya nchi ile, zilivyokuwa zikichaguliana wachumba. Alivyorudi Dar wakamweka chumba cha majalada, akapambana na mchwa miaka kumi na miwili, mpaka serikali ilipopunguza wafanyakazi naye akapunguzwa. Akaingia biashara ya penseli.

Basi ukimtafuta yuko Yide Lu kwenye maduka ya jumla, ananunua penseli, vichongeo, rula na madaftari, mzigo wa mchanganyiko kwa maduka ya Bukoba. Kabla hajauliza bei anamweleza laoban, yaani mwenye duka, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, habari za harusi za Moravia. Mama wa watu hajui Kiswahili hata neno. Anamjibu "pengyou, pengyou," rafiki, rafiki, huku anabonyeza kikokotoo. Ta Theophil anaridhika kabisa, anasema yule mama anasikiliza kuliko mimi.

Mimi Bohemia sijafika lakini naijua kuliko Mwanza. Najua kulikuwa na mabwana wakubwa na mabwana wadogo, na binti wa bwana mkubwa akichukuliwa na bwana mdogo, mama yake analia kama msibani. Najua walitazama kwanza mashamba, yanayopakana ndiyo mazuri, maana watoto watayaunganisha. Najua walitumiana picha za kuchorwa kabla hawajaonana, na mchoraji asiye mjinga humpunguzia binti pua. Najua mjane mwenye mali ndiye angalau aliyeweza kujichagulia. Na dini: mwanzoni waliokunywa kikombe cha divai kanisani na wasiokunywa walikuwa wanaoana tu, mpaka ikaja vita, upande mmoja ukashindwa, ndipo dini ikawa swali la kwanza. Wageni waliopewa mashamba ya walioshindwa wakaanza kutafuta wake wenyeji, ili nao wapate wajomba. Haya yote niliambiwa nikiwa namenya ndizi.

Kwa elimu hiyo watu wakamfanya mshenga. Mtu uko Guangzhou, wazazi wako Songea, umempenda mtu wa Moshi, nani akuendee? Wakamwendea Ta Theophil. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wote, na kwa sheria za Bohemia. Aliwapanga wafanyabiashara wote kwa daraja: anayejaza kontena zima peke yake ni bwana mkubwa. Anayechangia kontena na mwenzake ni bwana mdogo. Anayebeba mabegi kwenye ndege hakuwa na jina, Ta Theophil akifika kwake anakohoa tu.

Ndipo alipomkosea Jovitus. Jovitus ni mtu wa Muleba, wakati huo ana miaka ishirini na minane, ananunua suruali za jinzi Kangle na kuzibeba kwa mabegi, na ana mdomo usiojua kupumzika. Alimpenda Careen, binti wa Mwanza anayejaza kontena la redio na pasi. Akaja sebuleni kwangu na kreti ya soda begani, ngazi zote zile, kumwomba Ta Theophil amwendee. Ta akavaa miwani, akamhoji saa nzima, kisha akafunga daftari.

"Kijana, wewe ni wa mabegi. Yule ni wa kontena. Jambo hili kule lilijaribiwa, na kesi zake hazikuisha mpaka wahusika walipokufa."

"Ta, mimi sitaki kesi. Nataka mke."

"Haiwezekani."

Jovitus akabeba kreti yake akashuka nayo. Akaenda kumwambia Careen mwenyewe, kwa mdomo wake, kwenye ngazi za jengo la biashara, na Careen akakubali kabla hajamaliza kusema. Ndani ya mwaka wakawa na mtoto. Toka siku hiyo, kila Jovitus alipopishana na Ta Theophil barabarani, alikohoa.

Na mimi je? Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, sijaolewa. Si kwamba sikutakwa. Baba alipofariki nilisomesha wadogo zangu wanne kwa maandazi na kanga za mkopo, na nilipokuja kuinua kichwa wenzangu wanapeleka watoto sekondari. Sasa mwanaume huyu ananibebea mafurushi kutoka Kangle mpaka ghorofa ya saba, anahema lakini halalamiki. Jumapili tunakwenda misa pamoja kwenye kanisa la mawe la pale Yide Lu, padri anasali Kichina, sisi tunaitikia kimoyomoyo Kihaya. Nikiumwa ananipikia uji. Unaungua. Anakula yeye wa chini ulioungua, mimi ananipakulia wa juu. Nilimpenda, nasema wazi. Nilimpenda mpaka nikawa namkasirikia, maana anawaposea watu wote, na mimi niliye mbele ya macho yake hanioni.

Siku moja ya mwezi wa tatu nikachoka. Yuko mezani, anakula ndizi na maharage, ananisimulia juu ya mjane mmoja wa Moravia. Nikaweka mwiko chini.

"Ta Theophil, huyo mjane aliposwa na wangapi?"

"Watano."

"Na mimi nitaposwa na nani?"

Kijiko kikamponyoka, kikazama kwenye maharage. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Melania, mimi si mtu wa kuposa."

"Kwa nini? Una mke?"

"Sina."

"Una ugonjwa?"

"Mgongo kidogo."

"Basi mwandikie kaka yangu. Ukishindwa kuandika, hama."

Niliposema hama, nilimaanisha. Kaka yangu Adrian, mwalimu mkuu mstaafu, ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Bila yeye hakuna wa kupokea posa, na bila posa mimi kanisani siendi. Sikukaa miaka yote ile nikiwasomesha watu ili mwisho niolewe kwa kujificha kama mwizi wa kuku.

Akaandika. Wiki mbili nzima anaandika, anachana, anaandika. Nikikaribia anafunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Mwisho akampa bahasha Burhani, mwenzetu wa Dar aliyekuwa anarudi nyumbani, akaiposti kwenda Bukoba. Kwa muda wa mwezi mzima nilikuwa mtu mwema: sikugombana na mtu, hata mama wa penseli aliniuliza kama naumwa.

Kaka hupokea simu ofisi ya parokia baada ya misa ya kwanza, ambayo huku Guangzhou inakuwa alasiri. Jumapili moja nikaingia duka la simu la Huanshi Zhonglu, kwenye kibanda cha kioo, nikapiga.

"Melania," akasema Kaka, hata salamu hakunipa, "huyu mtu ana akili timamu?"

"Kaka, shikamoo. Kwani vipi?"

"Ngoja nikusomee. 'Kwa Bwana Mzaliwa wa Heshima, Rafiki yangu Mpendwa.' Mimi rafiki yake tangu lini? Haya. 'Mimi na dada yako Melania tumekuwa marafiki kwa miaka miwili.' Melania! Miaka miwili!"

"Kaka, si hivyo unavyo..."

"Bado. 'Melania ana marafiki wengi hapa Guangzhou. Nimewaendea marafiki zake mmoja mmoja, na wote wameridhika, wakaniruhusu nimchukue.'"

Nikashika kioo cha kibanda. Wewe unajua Kiswahili chetu. Mwanamke akisemwa ana rafiki, watu wazima wanaelewana. Akisemwa ana marafiki wengi, hata watoto wanaelewa.

"Wote wameridhika," akarudia Kaka taratibu. "Ni wangapi hao?"

"Kaka, ni watu wa biashara!"

"Biashara gani?"

"Mama yangu wee! Kaka, nguo! Nguo za watoto!"

"Kuna na hii hapa. 'Mizigo yetu imekuwa ikilala pamoja katika kontena moja, na kwa kuwa mipaka yetu imekwisha kugusana, ni busara tuiunganishe.' Melania, bahasha ilikuja kwa sanduku la parokia. Padri ndiye aliyeifungua. Amenitazama kwa huruma, akanipa rozari."

Nilitamani sakafu ifunguke. Nje ya kibanda watu wanasubiri zamu, wananiona napiga paji la uso kwa kiganja. Kaka akapumua, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kufunga kikao.

"Kurasa nne, na ukoo hajataja. Baba yake hajamtaja. Muziro hakuna. Sasa sikiliza. Jumapili ijayo, saa hii hii, nitakuwa hapa. Apige yeye mwenyewe, aniambie ni mwana wa nani, wa ukoo gani. Akishindwa kusema hayo, sahau. Siwezi kukuoza kwa mtu ambaye pengine ni ndugu yako wa damu."

Na hapo Kaka alikuwa na haki. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza: ukoo wako upi, na muziro wenu nini, yaani kile kitu ambacho watu wa ukoo wenu hawali hata wafe njaa. Wenye muziro mmoja hawaoani. Mtu hawezi kupata hata kiti kabla hajajibu hilo.

Nilipanda ghorofa saba kwa pumzi moja. Nikamkuta Ta Theophil anachonga penseli ili aone kama ni nzima.

"Marafiki! Umemwandikia kaka yangu nina marafiki wengi!"

Akashangaa kweli kweli. "Lakini Melania, kule, zama zile, neno rafiki lilikuwa na maana ya ndugu. Rafiki ndiye mjomba, ndiye shangazi, ndiye binamu. Hakuna aliyeoa bila ushauri wa marafiki. Ni sura ya nne ya tasnifu yangu."

"Kaka yangu ameisoma wapi hiyo sura ya nne? Kwenye Katekisimu?"

"Nilitaka iwe barua ya heshima."

"Na hao marafiki zangu uliowaendea ni akina nani?"

"Careen. Fundi wako wa Kangle. Na mama wa penseli."

"Mama wa penseli alisemaje?"

"Alisema pengyou."

Nilikuwa na hasira ya kuvunja sahani lakini kicheko kikanishinda. Nikakaa kitini nikacheka, naye akafurahi, akadhani yameisha. Nikajifuta machozi nikamwambia, "Basi Jumapili umpigie Kaka. Anataka ukoo wako na muziro wako tu. Ukoo wako upi, Ta? Mimi mwenyewe mjinga, miaka miwili sijakuuliza."

Akaendelea kuchonga ile penseli mpaka ikabaki kipande cha kidole.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Ukoo. Baba. Sijui. Masista walinikuta kwenye ngazi za kanisa mwaka wa arobaini na nane, nimefungwa nguo ya magome. Wakanipa jina la mtakatifu wa siku ile. Ukoo hawakunipa, wenyewe hawakuwa nao." Akaweka kisu mezani. "Nilipoingia chumba kile cha barua kule Prague, nikakuta mtu mmoja ameandikiwa mababu kumi na sita, kwa majina yao, kila mmoja na ngao yake yenye alama ya ukoo. Kumi na sita, Melania! Mimi sina hata mmoja. Nilisoma mpaka wakawa wananizimia taa. Sikuwa nasoma historia. Nilikuwa nawaonea wivu."

Hasira ikanitoka yote. Nilijuta kila mara niliyomcheka mbele ya watu juu ya Bohemia yake. Nikamshika mkono, mkono umejaa unga wa penseli, na kwa mara ya kwanza hakuuondoa. Lakini huruma haijibu swali la Kaka. Mtu asiye na ukoo anaweza kuwa wa ukoo wowote, na wetu ukiwemo.

Jumatano nikamwuliza, kwa kupitisha muda tu, "Hao wakubwa wako, akitokea mtu mwema hana mababu, walimfanyaje?"

Uso ukang'aa. "Aa! Hiyo ni sura ya saba. Ukoo wenye ngao uliweza kumchukua mtu wa nje na kumgawia ngao yake, kwa hati na mihuri. Waliitana baba mdogo wa ngao. Damu si yao, lakini mbele ya watu ni ndugu. Wengi walipanda kwa njia hiyo, wakaoa vizuri tu."

"Ta Theophil."

"Naam."

"Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia. Kuna na mfano mwingine wa Moravia, mtu mmoja..."

Nikachukua pochi nikashuka ngazi. Msomi huyo! Nikaenda kutafuta Mhaya mwenye ukoo usio wetu, mwenye baba hai, na baba huyo awe anajulikana kwa Kaka. Guangzhou nzima, mwaka ule, alikuwepo mmoja tu. Jovitus.

Nilimkuta na Careen kwenye mgahawa wa tambi tunapokula wote. Nikamweleza. Alicheka mpaka tambi zikamtokea puani, Careen akampiga mgongoni.

"Ma Melania, yaani yule profesa anaomba ukoo kwa mtu wa mabegi?"

"Hajaomba. Hajui hata kwamba anaomba."

"Basi ajue. Aje mwenyewe, aniombe mbele ya Careen. Na aseme Bohemia ilikosea."

Jumamosi Ta Theophil akaja, koti limefungwa vifungo vyote. Akasimama mbele ya meza ya Jovitus. Jovitus akakohoa. Watu wa meza za jirani wakageuka.

"Jovitus, nilikukosea."

"Sema Bohemia ilikosea."

"Bohemia haikukosea. Mle mna watu waliofungiwa milango, na mna watu waliofunguliwa. Mimi niliisoma kwa woga, nikaona milango iliyofungwa tu. Naomba unipokee kwenu."

Careen akamsukuma Jovitus kwa goti chini ya meza, naye akainuka akamvutia Ta kiti.

"Kwa hiyo, kwa sheria zako, mimi nitakuwa baba yako mdogo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Careen! Nina mtoto wa miaka hamsini na mmoja!" Akapiga meza, bakuli zikaruka. "Twende tukampigie Mzee, sasa hivi, kabla hajabadili mawazo!"

Tukaenda wote wanne duka la simu. Baba yake Jovitus, Mzee Kagaruki, ndiye mkubwa wa ukoo wao, na hupigiwa kwenye duka la dawa la jirani, wanakwenda kumwita, unapiga tena baada ya nusu saa. Jovitus alimweleza yote kwa Kihaya kwa sauti ya kusikika mpaka Yide Lu: misheni, Prague, ngao, baba mdogo. Kisha akasikiliza, na tukamwona uso unamshuka.

"Amekataa?" nikauliza.

"Anasema Bohemia haijui." Jovitus akafunika mdomo wa simu kwa mkono. "Anauliza umri wake. Nimemwambia hamsini na mmoja. Anasema mtoto wao wa kwanza alifariki mchanga, angekuwa na miaka hiyo hiyo. Anasema kama ni kuingia nyumbani kwake, huyu ataingia kama mwanawe mkubwa. Mimi ni mdogo wake." Akamtazama Ta juu mpaka chini. "Anasema nimwamkie."

Careen alicheka mpaka akaegemea kioo. Jovitus akageuka, akamwamkia Ta Theophil shikamoo, kwa uchungu kabisa, akampa simu. Ta aliishika kwa mikono miwili. Alisimama wima akawa anasema, "Ndiyo. Ndiyo, Ta. Ndiyo," jasho linamtiririka ndani ya lile koti.

Mzee aliagiza watafune kahawa. Zamani ndugu wa namna hiyo walichanjana, damu ikapakwa kwenye kahawa, lakini Mzee alisema damu siku hizi iachwe kwa madaktari, kahawa inatosha. Kahawa ya kutafuna mimi natembea nayo kwenye pochi, Mhaya gani hana? Tulirudi mgahawani. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Jovitus akala moja, Ta akala moja, mama mwenye mgahawa anatutazama akidhani ni dawa ya tumbo. Kisha tukaagiza chakula, na bakuli la Ta Theophil likaja, lile analolipenda kuliko yote, supu ya uyoga.

"Kaka mkubwa," akasema Jovitus, na sasa furaha imemrudia usoni. "Nilisahau kukwambia. Muziro wetu ni uyoga."

Wewe Guangzhou umekula? Uyoga uko kwenye kila kitu. Ta Theophil alilitazama lile bakuli kwa muda, akaweka vijiti chini, akalisukuma taratibu mpaka kwangu.

Jumapili kibandani tuliingia wawili, mimi nimebanwa kwenye kona. Niliombea laini isikatike. Kaka akapokea.

"Nani mwenzangu?"

"Theophil. Mwana wa Kagaruki wa Muleba. Muziro wetu ni uyoga."

Kaka akasema, kwa sauti ya mwalimu anayemshuku mwanafunzi, "Kagaruki wa Muleba namfahamu. Wanawe nimewafundisha. Sikujua kama ana mtoto wa umri wako."

"Hata yeye hakujua mpaka jana," akasema Ta Theophil.

Akamweleza yote, bila kuficha, ngazi za kanisa, nguo ya magome, kahawa. Hakutaja Bohemia hata mara moja. Mimi nikawa namwomba Mama Maria kwa lugha zote ninazozijua, na Kichina kidogo.

"Ile barua uliandikiwa na nani?" Kaka akauliza hatimaye.

"Niliandika mwenyewe."

"Usiandike tena. Mwambie baba yako aje kwangu na wazee wenzake, Jumamosi ya wiki ijayo. Waje na pombe ya ndizi. Nitawapokea." Nikasikia karatasi inakunjuliwa. "Na marafiki wa Melania?"

"Wameridhika."

"Mungu wangu," akasema Kaka, na nikamsikia anacheka, yeye ambaye tangu Baba afariki hacheki kwenye simu kwa sababu simu ni ghali.

Nililia pale pale kibandani, kwa sauti, sikumwonea haya mtu. Tulipotoka, Jovitus na Careen walikuwa wanasubiri nje, Careen akanikumbatia na mtoto akiwa katikati. Ta Theophil hakumtazama yeyote. Alikuwa anatazama maduka ya ng'ambo ya barabara, moja baada ya jingine. Miaka miwili nimemwona mtu huyu akinunua rula kwa katoni na vichongeo kwa gunia. Kitu kimoja cha mtu mmoja sijawahi kumwona akikinunua.

"Jovitus," akasema, "Baba anavaa viatu namba ngapi?"

Jovitus akakuna kichwa. Hakujua. Wakaingia tena kibandani wote wawili, wanasukumana nani ashike simu, kwenda kumwuliza.